Oili Isiyodondoka Chini

Niliisikia kabla sijaiona. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya Makambako kiasi kwamba nguzo ya umeme iliyo mbele ya gereji yangu ilionekana nusu tu, na kutoka upande wa barabara ya Njombe ikaja sauti nyembamba, ndefu, kama mluzi wa mtu anayemwita mbwa aliyepotea. Nikaweka kikombe cha chai chini.

Tabo iliyo nzima huimba, wanangu. Huimba kwa sauti laini inayopanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Hii haikushuka. Nilimsikia dereva akipunguza mwendo, nikasikia matairi yakigonga tuta, lakini mluzi ulibaki palepale juu, unalia. Kisha ikaja harufu ya oili iliyoungua, na nyuma ya harufu ndipo likatokea gari lenyewe: pikapu nyeupe ya dizeli ya Haji Mrisho, imejaa makreti ya parachichi, inavuta moshi wa bluu mzito kuliko ukungu.

Tabo ya injini hiyo niliifunga mimi, mpya kabisa, wiki mbili kabla.

Ngojeni kwanza, maana wengine mnaosoma hapa hamjawahi kuishika tabo mkononi. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yamekaa kwenye ekseli moja nyembamba kama kidole. Gurudumu moja linasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili, kwa kuzungushwa na lile la kwanza, linaisukumia injini hewa. Katikati, ekseli inaelea juu ya oili. Oili inaingia kwa juu kupitia kijibomba chembamba, kwa nguvu ya pampu, halafu inashuka kurudi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa bomba nene la chini. Inashuka kwa uzito wake tu. Hakuna kinachoisukuma. Ukilibana bomba hilo la chini, oili haina pa kwenda, inapita kwenye sili, vile vizibo vya pembeni mwa ekseli, na kuingia kwenye njia ya hewa au ya moshi. Hapo gari linavuja na chini pakavu. Huwezi kuona hata tone.

Uvujaji huo ndio ulioninyima usingizi katika kazi hii. Ule wa kudondoka nilifundishwa nikiwa kijana, na nilifundishwa kwa aibu.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, aliyekuwa na gereji Njombe mjini. Alikuwa mfupi, mkimya, na alivaa koti la sufu mwaka mzima, hata akiwa chini ya gari. Mwezi wangu wa pili kwake nilikabidhiwa lori lililokuwa likidondosha oili kwenye sampu. Nikafungua sampu, nikabadili gasketi, nikafunga. Kesho yake linadondosha. Nikafungua tena, nikabadili tena. Mara ya tatu Mzee Sanga alichukua spana yangu, akanipa tochi, akasema niangalie juu na nisirudi kwake mpaka niwe nimeona. Oili ilikuwa inatoka kwenye kava ya tapeti, juu kabisa, inateremka ubavuni mwa injini polepole, inafika kwenye sampu na kudondoka hapo. Sampu ilikuwa haina kosa lolote, na nilikuwa nimeiadhibu mara mbili.

Yeye alikuwa na kopo la maziwa lililojaa poda ya watoto. Injini ikiletwa inavuja, kwanza tuliiosha kwa mafuta ya taa na sabuni, tukaikausha, halafu tukaipaka poda yote ikawa nyeupe. Tuliiwasha dakika chache na kuangalia ni wapi weupe unachafuka kwanza. Wateja wageni walituuliza gari limejifungua lini. Mzee Sanga aliwajibu kwa uso mkavu kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri.

Ninyi wa leo mna mashine ya kuchomeka chini ya usukani, inawaandikia namba ya kosa. Sina ugomvi nayo. Nimeitumia miaka yangu ya mwisho na imeniokolea siku nyingi. Ila haijawahi kuniambia oili inatoka wapi. Kwa hilo bado utahitaji sabuni, poda, na subira ya kukaa umechuchumaa unaangalia kitu cheupe.

Na wakati mwingine hata poda haisemi. Mwinjilisti mmoja wa Mahongole aliniletea gari dogo, akilalamika kwamba kila asubuhi anakuta dimbwi la oili chini yake. Nikaosha, nikapaka, nikaliwasha. Nyeupe. Siku ya pili nyeupe. Siku ya tatu nikaona bora niende nyumbani kwake alfajiri. Kumbe mahali anapolaza gari, mchana jirani anaegesha trekta lake. Jumapili akalihubiri jambo hilo kanisani, kwamba tusitazame doa tu bila kuuliza aliyelala hapo kabla, na jina langu akalitaja. Wiki nzima watu walinicheka sokoni.

Nacheka na mimi. Sasa nirudi kwenye ile pikapu, ambayo sijawahi kuichekea.

Dereva aliitwa Lusungu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, Mbena wa Mahongole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, mpole mpaka unasahau yupo. Aliingiza gari gerejini, akanisalimu dirishani, “Kamwene, Mzee Msigwa,” kama vile amekuja kuazima spana, na akazungusha ufunguo kuzima.

Injini haikuzima.

Nilimwona akiuchomoa ufunguo kabisa, ameushika mkononi, na injini ikapanda. Ilikuwa imeacha kula dizeli. Ilikuwa inakula oili yake yenyewe, ile iliyojaa kwenye mabomba ya hewa. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyojivutia oili zaidi, na hakuna ufunguo wa kuifunga. Mluzi ukageuka ukelele. Boneti ikatetemeka. Moshi ukajaa mpaka mlangoni, na watu wote waliokuwa wamesimama pale wakakimbilia barabarani, nami nawaambia kweli, miguu yangu nayo ilitaka kwenda huko. Injini ikifika mwisho wa nguvu zake katika hali hiyo, vyuma vinatoka nje kwa kupitia ukuta wa injini.

Lusungu hakukimbia. Alinitazama tu, akisubiri nimwambie.

Nikapiga kelele akanyage breki kwa nguvu zote, atie gia ya tano, aachie klachi mara moja. Akafanya. Gari likaruka mbele kama limepigwa rungu, makreti mawili yakaanguka, na kukawa kimya. Parachichi zilibiringika taratibu mpaka miguuni pangu.

Likiwatokea, fanyeni hivyo. Kama ni gari la gia za kujibadilisha zenyewe, zibeni mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu bapa. Msithubutu kuweka kiganja, wala tambara. Tabo italivuta.

Alishuka, akaanza kuokota parachichi. Aliniambia ametoka Njombe na ameongeza oili mara mbili njiani, na chini ya gari hakuona tone. Nikamwambia akae apumzike. Hapo simu yangu ikaita, ni Haji, na nikatoka nje kuipokea.

Haji Mrisho alikuja Makambako kutoka Kondoa akiwa mpakiaji wa malori, na sasa alikuwa na magari yake. Si mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Lakini dereva aliyemtangulia Lusungu aliwahi kumchezea: alifungua pampu mpya, akaiuza, akafunga ya zamani. Jeraha hilo halikuwahi kupona. Aliniambia kwenye simu kwamba Lusungu amempigia akiwa njiani na kumweleza juu ya moshi, na kwamba tabo mpya haifi kwa wiki mbili. Kwa hiyo, alisema, Lusungu ameiuza na kufunga chakavu. Anakuja na mgambo. Nisimwambie kitu, nisimruhusu aondoke, na nifungue nimtazamie. Neno langu ndilo litakaloamua.

Nikarudi ndani. Lusungu akaniuliza Haji kasema nini. Nikasema anakuja.

Niliitazama ile tabo. Wiki mbili za vumbi la Njombe na oili zilikuwa zimeifanya nyeusi. Haikutofautiana na tabo yoyote ya miaka kumi. Na namba yake sikuwa nimeiandika popote. Wanangu, andikeni namba ya kila kifaa mnachofunga. Kalamu ni kifaa cha gereji kama spana.

Basi nikaanza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Kwanza niliyafungua mabomba ya hewa na kuyamwaga. Ile rejeta ndogo ya kupoza hewa peke yake ilitoa oili ya kujaza kopo. Nikayasafisha yote ili injini isipate cha kuiba tena. Nikaosha, nikakausha, nikapaka poda. Ili kuiwasha tena nilihitaji mtu wa kusimama na ubao kwenye mdomo wa hewa, na mtu aliyekuwepo ni Lusungu. Alisimama hapo akiwa ameinama, ubao mkononi, macho kwenye injini, ananisaidia kutafuta kitu ambacho kingeweza kumfunga. Nilikuwa najua hivyo, naye alikuwa hajui. Nikaiwasha dakika mbili. 

Poda ilibaki nyeupe kote. Nje hapavuji. Nikazima, nikamrudishia Lusungu ufunguo, nikachomoa hosi ya hewa, na ndani yake tayari kulikuwa na utando mpya wa oili.

Nikashika ekseli ya tabo kwa vidole na kuitikisa. Ikiwa imekufa, inacheza, unaisikia ikigonga. Hii ilikuwa imara, inazunguka bila kukwaruza. Tabo ilikuwa nzima. Nikafungua kifuniko cha oili kuona kama injini inapumua vizuri: hakuna hewa iliyosukuma kutoka, kwa hiyo injini ilikuwa salama. Likabaki bomba nene la kurudishia.

Nikachukua tambara, nikafuta poda kwenye maungio ya bomba lile, na nikaona utepe mwekundu umezunguka pande zote, laini, haujakatika mahali popote.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Huku juu kuna baridi, na silikoni ya kuzibia gasketi inachelewa kukauka. Kwa hiyo mafundi wa Njombe na Makambako tulizoea kuipaka nene, halafu tunaweka jiko la mkaa karibu na injini kuiharakisha. Wateja nao walizoea hivyo. Walipitisha kidole kwenye maungio kuhisi silikoni iliyofurika nje, na fundi ambaye silikoni yake haikuonekana walimwona mchoyo. Wenzangu walitumia nyeusi. Mimi niliagiza nyekundu kutoka Tunduma, ili kazi yangu ijulikane.

Kwa hiyo nililijua jibu kabla sijalifungua bomba. Utepe ule ulikuwa wangu, na haukuwa umeguswa. Hakuna mtu aliyeifungua tabo ile tangu siku niliyoifunga mimi. Lusungu hakuiba kitu.

Nikafungua boliti mbili na kulivuta bomba. Silikoni iliyofurika nje kiasi kile ilikuwa imefurika na ndani vilevile. Oili ya moto ilikuwa imeibandua, ukatoka ulimi mwekundu mnene, ukakaa kwenye shingo ya bomba na kuiziba. Nikauchokoa kwa bisibisi. Ulikuwa sawa na kipande cha ini.

Lusungu alikuwa amenipa mgongo, anapanga makreti. Nikautia mfukoni.

Nimewaandikia haya yote ili nifike hapa. Kumbukumbu nyingi za mafundi zinaishia kwenye jinsi alivyoupata ugonjwa. Mimi niliupata, na nikauficha kwenye ovaroli. Niliwaza gereji yangu, jina langu, magari yote ya Haji yanayokuja kwangu. Nikajiambia nitamwokoa Lusungu kwa njia nyingine: nitasema tabo ilitoka dukani na hitilafu. Hakuna atakayeumia. Nilijiambia hivyo kama mara nne.

Haji alifika jua likianza kupasua ukungu. Mgambo akabaki nje ya geti. Tukaingia ofisini kwangu sisi watatu. Ni chumba kidogo, meza na mabenchi mawili. Haji hakukaa. Hakumsalimia Lusungu. Ufunguo wa pikapu ulikuwa mkononi mwa Lusungu bado.

“Sema, fundi,” Haji akasema.

Nikasema nimeipima. Nikasema oili inapita kwa ndani. Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, kwamba inaonekana tabo yenyewe si nzuri, huenda ni ya bandia.

Haji akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiijua. Akamgeukia Lusungu.

“Umesikia. Mimi nilinunua halisi, nikaibeba mwenyewe kutoka Dar mapajani. Fundi anasema iliyomo ni bandia. Sasa niambie, ile yangu ipo kwa nani?”

Ndipo nilipoona nilichofanya. Uongo wangu haukumwokoa mtu. Nilikuwa nimeukamilisha ushahidi.  Lusungu alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama alivyonitazama injini ilipokuwa inakimbia, anasubiri nimwambie afanye nini.

Haji alikuwa ameshashika mlango kumwita mgambo.

Nikautoa ule ulimi mwekundu mfukoni, nikauweka juu ya meza. Nikasema tabo ni ileile, ni halisi na ni nzima. Nikamwambia Haji hii ni silikoni yangu, nimeikuta imeziba bomba la kurudishia oili, na maungio hayajafunguliwa na mtu tangu niyafunge. Kosa ni la mkono wangu. Nikamwambia pia kwamba nilishalijua kabla hajafika.

 Nje mgambo alikohoa.

Haji aliachia kitasa, akakaa. Akaokota kile kipande, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. Sikuwahi kutengeneza gari lake jingine tangu siku hiyo, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo pia sijaweka silikoni kwenye tabo: gasketi kavu, sehemu safi, boliti zimekazwa sawasawa, basi. Mkiona fundi anaipaka hapo, mnyang'anyeni. Mteja akilalamika kwamba haoni kitu nje, mwacheni alalamike.

Lakini Haji hakuanza na mimi. Alipangusa uso kwa kiganja, akamwambia Lusungu, kwa sauti ya chini kidogo, “Haya, yameisha. Fundi atasafisha hilo bomba, upeleke mzigo. Watu wanasubiri.”

Lusungu akautazama ufunguo. Akauweka mezani, pembeni ya kile kipande chekundu, taratibu ili usigonge.

“Miaka tisa, Haji,” akasema. “Na umemwita mgambo kabla hujaniita mimi.”

Haji akasema Lusungu asiwe hivyo, kwamba hata angekuwa yeye angefikiri hivyohivyo, kwamba alishaumizwa huko nyuma. Aliyasema yote hayo akiitazama meza. Lusungu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono ameikunja mbele kama yuko kanisani. Kisha akanigeukia mimi, na nilitamani anitukane.

“Na wewe, Mzee Msigwa. Mimi nilikushikia ubao.”

Akainama kidogo kutuaga, sote wawili, kama mtu mdogo anavyowaaga wakubwa wake. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole mpaka kitasa kikaingia mahali pake.